Tulipoacha Kulipia King'amuzi

Kama umewahi kuwa na mtoto aliyechaguliwa kwenda shule ya bweni, karatasi ile unaifahamu. Juu yameandikwa maelekezo ya kujiunga na shule, na chini inateremka orodha: godoro la futi mbili na nusu, shuka jozi mbili, ndoo mbili zenye mifuniko, kaunta buku, viatu vyeusi vya ngozi, jembe lenye mpini, fagio la chelewa. Binti yetu wa pili alipoleta karatasi hiyo nyumbani kwetu hapa Ntobeye, niliisoma jikoni nimekaa kwenye kigoda, maharage yakichemka. Ada katika shule za serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016, na kwa hilo tunashukuru. Lakini godoro halikuondolewa.

Jioni ileile simu yangu ikalia. Nilidhani ni mteja wangu wa ndizi. Kumbe ni ujumbe wa king'amuzi: malipo yako yanakwisha kesho.

Nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya karatasi ya shule. Shilingi 25,000 kwa mwezi, mara 12, ni shilingi 300,000. Nasi tulikuwa tumelipa miaka mitatu. Nikazidisha tena nikapata shilingi 900,000. Niliirudia hesabu nikidhani nimeongeza sifuri. Sikuwa nimeongeza.

Kamba niliyoifunga mwenyewe

Lazima niseme ukweli wote, maana nikificha nusu, habari hii haitakusaidia. Aliyekuwa akilipia king'amuzi si baba watoto. Ni mimi. Nililipa kwa fedha za ndizi na maharage ninayopeleka mnadani, na mwezi ambao mauzo yalikuwa mabaya nilikopa kwenye kikundi chetu. Wala sikulipa kwa sababu ninapenda televisheni. Mimi ikifika saa tatu usiku nimeshaanza kusinzia kitini. Nililipa ili mume wangu akae nyumbani.

Akina mama wenzangu mtanielewa. Kabla hatujanunua dishi, siku za mpira yeye alikwenda kwenye kibanda umiza pale senta. Kiingilio kilikuwa shilingi 500, jambo ambalo halikunisumbua. Lakini mpira ukiisha watu hawatawanyiki, na karibu na kibanda pana mahali panapouzwa rubisi. Alirudi saa sita, siku nyingine saa saba, nami nimelala nikisikiliza hatua za kila apitaye njiani. Nilipoona jirani yangu amefunga dishi na mumewe hatoki tena, nikasema na mimi nitafunga. Nililitazama lile dishi kama kamba ya mbuzi: ndefu kiasi cha kumtosha, lakini haivuki shamba.

Je, ilifanya kazi? Kwa sehemu. Alikaa nyumbani kweli. Ila alikaa akikitazama kioo, na sisi tulikaa nyuma yake. Watoto walijua majina ya wachezaji wa Uingereza kuliko majina ya shangazi zao walioko Biharamulo. Sala ya jioni tuliisogeza ikawa baada ya taarifa ya habari, kisha ikawa baada ya mpira, mwishowe kila mtu akawa anasali kivyake akienda kulala. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa na tamthilia yake ya saa moja, na wakati huo hata mgeni akibisha hodi alijibiwa kwa mkono.

Sisemi kwamba televisheni ni mbaya. Ninasema nilikuwa ninakopa fedha ili kulipia kitu ambacho hakuna aliyeniomba nilipie, na sababu yake sikuwahi kumwambia mtu, hata yeye mwenyewe niliyemfungia kamba.

Jumamosi ya kioo cheusi

Sikulipa. Fedha ile ilinunua nusu ya godoro, na nusu nyingine nikaipata kwa kuuza kuku wawili. Na hapa nilifanya kosa ambalo ninakusihi usilirudie: sikumwambia mume wangu.

Siku tatu za kwanza hazikuwa na neno, maana alikuwa akirudi amechoka. Jumamosi ilikuwa siku ya Simba na Yanga. Alioga mapema, akavaa fulana yake, akakaa. Akawasha. Kioo kikaleta maandishi kwamba hujalipia.

"Mama watoto," akaita, "hiki kitu kimekuwaje?"

"Labda ni mtandao, Baba," nikajibu nikiwa jikoni. Maneno yale yalitoka yenyewe.

Alikaa kidogo. Akabonyeza rimoti mara kadhaa. Halafu nikamsikia anachukua koti lake ukutani. Hakusema anakwenda wapi, na hakukuwa na haja. Mtoto wetu wa kiume, ambaye anasoma na kuelewa kila kilichoandikwa kwenye kile kioo, alinitazama bila kusema kitu. Macho yale yaliniumiza kuliko kitu kingine chochote siku ile.

Alirudi saa tano. Hakuwa mlevi, alikuwa kimya. Mimi sikulala. Asubuhi, kabla hatujajiandaa kwenda kanisani, niliweka ile karatasi ya shule mezani mbele yake, upande wa nyuma ukiwa juu.

Aliisoma polepole. Kisha akauliza, "Hizi laki tisa ni za nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia habari ya kibanda, na rubisi, na usiku nilizokaa macho, na kwamba dishi lilikuwa njia yangu ya kumweka nyumbani. Nilitegemea kelele. Badala yake aliikunja karatasi, akaikunjua tena.

"Kwa hiyo miaka mitatu," alisema, "mimi nimekuwa ndama wa kufungwa kwa waya wa dishi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Ungeniambia kwamba hulali. Mimi nilidhani umelala. Nilikuwa naingia kwa kunyata nisikuamshe."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Mtu ananyata ili nisiamke, na mimi nipo macho ninahesabu hatua zake, na kila mmoja amekaa na lake moyoni miaka kumi na moja ya ndoa. Hatukumaliza mazungumzo asubuhi ile, kengele ya kanisa ililia. Lakini tulikubaliana mawili. Kwanza, king'amuzi cha kulipia kitakaa kimya mpaka binti amalize angalau mwaka wa kwanza. Pili, tutatafuta jinsi ya kuona vya bure, kwa pamoja, na hesabu zote zitaandikwa kwenye daftari moja.

Ushauri kutoka mbali

Ninaye rafiki wa siku nyingi aliyewahi kuishi katika kambi ya Lukole hapa Ngara. Nilikuwa nikimuuzia mboga, naye akinisuka nywele. Familia yake ilikuwa miongoni mwa Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972, na baada ya kuhangaika nchi hata nchi walipata nafasi ya kuhamia Marekani, ambayo ilianza kuwapokea watu wa kundi hilo mwaka 2007. Mpaka leo tunatumiana salamu za sauti kwa simu. Nilipomweleza habari za king'amuzi alicheka sana.

"Dada, kata! Sisi huku kebo tulishakata zamani."

Akanieleza. Huko televisheni ya kulipia iliingia majumbani kwa waya, ndiyo kebo, na malipo yake ya mwezi yakawa yanapanda kila mwaka. Familia nyingi zikachoka. Wakanunua antena ya kunasa stesheni za karibu zinazorushwa bure, na vingine vyote wakawa wanavitazama kupitia intaneti. Antena na intaneti, basi, mambo yameisha.

Ushauri ulikuwa mwema, nami nikaupokea kama ulivyo. Lakini nilikuja kutambua kwamba aliyeutoa anaishi katika nchi nyingine, nami naishi Ntobeye. Yote mawili, antena na intaneti, yalinigharimu kabla sijajua namna ya kuyatumia.

Antena ile ya kilimani

Hebu turudi nyuma kidogo. Bara tulichelewa kuwa na televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku Bara ITV ilianza mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikaja miaka kadhaa baadaye. Sisi wa Ngara mwaka huo wa 1994 hatukuwa na habari za televisheni hata kidogo. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja, na wengi wetu tunakumbuka tulichokiona barabarani. Chombo kilichotusaidia miaka ile kilikuwa redio. Radio Kwizera ilianza hapa Ngara mwaka 1995 chini ya Shirika la Wajesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi, na mama mkwe wangu anaisikiliza mpaka leo.

Kisha yakaja mabadiliko ya dijitali. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata. Televisheni zote zikahitaji king'amuzi. Hata hivyo serikali ilisema zipo stesheni ambazo mwananchi ataziona bila malipo ya mwezi, hata kifurushi chake kikiisha: TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV. Akina mama wengi hapa kwetu hawalijui jambo hili. Wanadhani malipo yakikatika ni giza tupu. Kwenye ving'amuzi vya antena haikupaswa kuwa hivyo.

Kwenye dishi mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 2018 stesheni hizo za bure ziliondolewa katika ving'amuzi kadhaa vya dishi, kwa sababu mamlaka ilisema leseni za kampuni hizo ni za vituo vya kulipia tu. Watu waliokuwa wakiona taarifa ya habari ya ITV jana yake, siku hiyo hawakuiona. Ninakukumbusha jambo hilo ili ujue kwamba neno "bure" hutegemea njia ambayo picha inapitia, na sheria za njia hiyo zinaweza kubadilika. Usinunue kwa kusikia. Mwambie muuzaji akuonyeshe picha, tena akuonyeshee nyumbani kwako.

Sisi hatukufanya hivyo. Jirani yetu mmoja aliye juu kilimani anatumia antena na picha yake inang'aa kama maji ya chemchemi. Tukaenda Ngara mjini tukanunua antena na king'amuzi chake, tukafunga juu ya mti mrefu nyuma ya nyumba. Baba watoto alipanda, mimi nikawa nasimama mlangoni kupiga kelele: "Bado! Zungusha! Bado!" Tuliizungusha mpaka jua likazama. Hakuna kitu.

Fundi alipokuja siku ya tatu alicheka kwa upole. Mawimbi ya antena husafiri kama mwanga wa tochi: penye kilima hapapiti. Jirani anauona upande wa mnara, sisi tumekaa bondeni mgongoni mwa kilima. Ngara ni nchi ya vilima, na nyumba mbili zinazoitana kwa sauti zinaweza kuwa moja ina picha na nyingine haina. Aliyetuuzia alikataa kuvirudisha. Hasara ile tuliiandika kwenye daftari, tarehe na kiasi, ili ibaki kuwa somo.

Fundi akatuuliza swali ambalo tungepaswa kuulizwa mapema: "Lile dishi lenu la zamani mmelitupa?"

Halikuwa limetupwa, kuku walikuwa wakilala chini yake. Akatueleza kwamba dishi lenyewe si mali ya king'amuzi chochote. Ni bakuli la kukusanya mawimbi. Linapokea kutoka setilaiti iliyoko takriban kilometa 36,000 juu ya ikweta, na kwa kuwa sisi tupo karibu na ikweta, setilaiti ipo juu sana angani, kwa hiyo kilima hakizuii. Ukiligeuza likaelekea setilaiti nyingine, na ukabadilisha kile kisanduku kwa risiva ya stesheni za bure, unapata zinazorushwa bila kufungwa. Risiva hiyo huinunua mara moja tu. Alileta kifaa chake cha kupimia, akaligeuza kidogo kidogo kama anayetafuta stesheni ya redio, na kabla uji haujaiva tukaona picha.

Ni stesheni zipi utapata? Hutegemea setilaiti ambayo fundi ataichagua, kwa hiyo mwambie kwanza unachotaka nyumbani kwako: taarifa ya habari kwa Kiswahili, vipindi vya watoto, ibada. Orodha ya stesheni ni ndefu, lakini usifurahie urefu wake. Nyingine ni za lugha tusizozijua, nyingine zinauza vyungu na mikufu mchana kutwa. Za dini ni nyingi ajabu, na si kila anayehubiri kwa kupaza sauti ametumwa. Kuna wanaoomba fedha kwa simu kabla hawajafungua Biblia. Tulikaa na fundi tukafuta stesheni ambazo hatuzitaki, zikabaki kumi na nne. Mvua kubwa ikinyesha picha hukatika, kama ilivyokuwa hata tulipokuwa tukilipa.

Bando nalo lina tumbo

Baada ya ushindi huo wa dishi nikajiona mjuzi. Nikakumbuka nusu ya pili ya ushauri wa rafiki yangu: vingine vyote kwa intaneti. Nikanunua bando la wiki, nikamwonyesha mwanangu YouTube kwenye simu ya baba yake ili aone hadithi za watoto, nikaenda kupalilia. Nilirudi baada ya saa mbili na kitu. Bando la wiki limekwisha, na mtoto hatazami hadithi tena. Anatazama watu wazima wakipigana mieleka.

Yapo mambo mawili yaliyotokea hapo. La kwanza, video ikiisha nyingine huanza yenyewe. Upo mpangilio wa kuzima jambo hilo, na upo mwingine wa kuzuia video zisizofaa kwa watoto. Mwombe kijana anayejua akuonyeshe, ni kazi ya dakika mbili. La pili ni hesabu, nami naomba uifuate kwa makini kwa sababu ndiyo inayomtofautisha mama wa Ntobeye na rafiki yangu wa Marekani.

Video ya ubora wa kawaida hula kati ya MB 700 na GB 1 kwa saa moja. Ile kali zaidi inayojaza kioo kikubwa inaweza kula GB 3 au zaidi. Chukua ile ndogo. Saa moja tu kila siku, MB 700, kwa mwezi ni GB 21. Kwa bando nililokuwa nikinunua mimi, GB 1 ilinitoka kwa takriban shilingi 2,000. Hiyo ni shilingi 42,000 kwa mwezi, kwa saa moja ya mtu mmoja! King'amuzi kilikuwa shilingi 25,000 kwa nyumba nzima, mchana na usiku. Rafiki yangu analipia intaneti ya nyumba kwa mwezi, watoto wake wakatazama wanavyotaka bila kuhesabu. Mimi ninanunua kwa kipimo, kama mafuta ya taa. Kwangu kukata king'amuzi na kuhamia kwenye simu ingekuwa kutoka kwenye deni dogo kwenda kubwa, tena lisiloonekana, kwa sababu hutolewa shilingi 500 leo na 1,000 kesho.

Je, tuiache intaneti? Hapana, sisi hatukuiacha. Tunaitumia kwa kitu chenye jina. Kwa mfano binti alipokuwa likizo alihitaji somo la hesabu za aljebra, akalitafuta, akashusha ubora wa picha mpaka ule wa chini kabisa, maana ubao na chaki vinasomeka hata hivyo, na saa nzima haikumaliza MB 150. Ibada ya kwaya ya dayosisi tuliisikiliza kwa sauti bila picha. Sauti pekee hula kidogo sana, kama MB 30 kwa saa. Aidha, huku mpakani angalia simu isije ikashika mtandao wa Rwanda au Burundi bila wewe kujua. Zima ile huduma ya kutumia data nje ya nchi.

Kuna na njia ya tatu ambayo wengi hapa senta wanaitumia: kijana mwenye kompyuta anakujazia filamu kwenye memori kadi kwa fedha kidogo. Nilipeleka kadi yangu mara moja. Alinijazia filamu thelathini. Nilipoanza kuzikagua usiku watoto wakiwa wamelala, ya nne niliifunga kabla ya dakika tano, nikamshukuru Mungu kwamba nilikagua. Licha ya hayo, filamu zile zina wenyewe waliozitengeneza, na kijana yule hawalipi chochote. Kadi ile sasa ina kwaya na picha za harusi.

Na mpira?

Najua kuna mama aliyeruka kurasa hadi hapa. Mpira mkubwa kwa kawaida haurushwi bure, na hakuna fundi wa dishi atakayeweza kubadilisha jambo hilo. Mwezi Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilitia saini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya kuonyesha Ligi Kuu. Aliyetoa fedha kama hizo hawezi kuachia picha zake hewani kila mtu ajichotee. Atakayekuuzia namna ya kuufungua kwa ujanja anakuuzia wizi, na kesho utafungwa tena.

Kwa hiyo tulirudi palepale tulipoanzia, mimi na baba watoto, safari hii tukiwa tumekaa mezani na daftari. Alisema yeye mwenyewe: mechi anazozitaka kweli hazizidi nne kwa mwezi. Nne mara 500 ni shilingi 2,000. Zilizobaki atazisikiliza redioni, kama alivyokuwa akisikiliza akiwa kijana, tena anasema mtangazaji wa redio humfanya aone zaidi kuliko kioo. Mimi nikasema sina neno na kibanda, nina neno na saa saba za usiku. Akasema atakwenda na mwanawe.

Sikulipenda hilo mara moja. Kibanda umiza ni mahali pa wanaume wazima na lugha zao. Tulibishana siku mbili. Mwishowe tukakubaliana mechi za mchana na za jioni tu, wala si zile za usiku, na mpira ukiisha wanaanza safari. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni kuanzia saa kumi na mbili kama mjinga. Walifika saa moja kasorobo wakibishana juu ya penalti, mtoto amebeba viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Si kila mara imekuwa hivyo. Mwezi wa nne alikwenda peke yake kutazama mechi ya usiku akarudi saa sita unusu. Lakini alipoingia hakunyata. Aligonga, akasema, "Nimechelewa, najua hujalala," nasi tukazungumza mpaka jogoo wa kwanza, mengine kwa sauti ambayo pengine mama mkwe aliisikia.

Mama mkwe ndiye aliyeumia kuliko wote. Tamthilia yake ilikuwa katika stesheni ya kulipia, na ilikatika msichana yule akiwa karibu kuolewa na mtu asiyefaa. Majuma mawili alinijibu kwa neno mojamoja. "Mama, chai." "Haya." "Mama, umelalaje?" "Vizuri." Nilijaribu kumtafutia kwenye simu, nikapata vipande vya dakika tatu tatu vilivyokula bando la siku. Basi nikamnunulia redio ndogo ya betri, anaiweka dirishani asubuhi. Saa moja usiku, wakati wa tamthilia, sasa anawasimulia wajukuu yeye mwenyewe kwa Kihangaza namna anavyodhani hadithi ile ilikwisha. Kila juma inakwisha tofauti, na yule mtu asiyefaa ameshakufa mara tatu.

Juma lililopita binti aliandika kutoka shuleni. Anaomba sabuni, anaomba kaunta buku mbili, na anauliza kama tumerudisha king'amuzi, maana likizo inakaribia. Baba yake amechukua daftari. Mpaka ninapoandika haya hajamjibu.